Banda Halijijengi: Kweli na Si Kweli Kuhusu Vibarua wa Nanenane

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya Fatma Mwassa pale Ipuli, Manispaa ya Tabora, hufurika watu wa Kanda ya Magharibi. Tabora na Kigoma hukutana hapo kwa ajili ya maonesho ya wakulima ya Nanenane. Ulyankulu nayo, kutoka upande wa Kaliua, huja na vyake: asali ya miombo, tumbaku, mpunga, karanga, na kazi za mikono za vikundi vya akina mama. Wageni hupita, huonja asali, huuliza bei, hupiga picha, huondoka. Ni wachache mno wanaouliza nguzo ya banda ilisimamishwa na nani, na nani ataing'oa watu wakisharudi makwao.

Hata vikundi vyenyewe huisahau kazi hiyo. Bajeti ikipangwa, fulana zimo, vibandiko vya chupa vimo, posho za viongozi zimo. Wajenzi na wabebaji huachiwa neno moja: "tutaona huko huko." Neno hilo ndilo huzaa ugomvi usiku wa tarehe 8, fundi ameshika nyundo na mweka hazina hashiki simu. Mengi yanayosemwa kuhusu kazi hii si kweli, na yanaumiza watu. Hebu tuyachukue moja baada ya jingine.

"Banda hujengwa siku mbili kabla ya ufunguzi."

Si kweli. Kwenye Nanenane kazi huanzia shambani, tena miezi mitatu nyuma. Kinachovuta watu zaidi pale Ipuli ni vipando, yaani vitalu vya mazao yaliyo hai: mahindi yenye mbelewele, kabichi zilizofunga, nyanya zilizoiva. Sasa angalia kalenda ya mvua. Tabora mvua huanza Novemba na kukatika karibu na mwisho wa Aprili. Mahindi ya kuonesha tarehe 1 Agosti lazima yapandwe mwanzoni mwa Mei, wakati ambao hakuna mkulima wa kawaida anayepanda, na yanyweshwe hadi siku ya mwisho. Kabichi inahitaji kitalu kwanza, kisha kuhamishwa, kisha miezi miwili au zaidi ya kuihudumia. Kuna mtu anayeamka asubuhi na kurudi jioni na ndoo au mpira wa maji, Mei yote, Juni yote, Julai yote. Huyo ndiye mfanyakazi wa kwanza wa onesho lenu. Kwenye orodha ya malipo mara nyingi huandikwa wa mwisho, au haandikwi kabisa kwa kuwa siku ya kupiga picha hakuwepo.

Baada yake huja fundi. Wanaotaka kuonesha bani sanifu la kukaushia tumbaku wanahitaji matofali yaliyokauka, udongo wa kukandika na bomba za moto, na hakuna kimojawapo kinachokubali haraka. Wafuga nyuki wanahitaji mahali pa kutundika mzinga wa gome, wa gogo na wa kisasa, ili mgeni aone tofauti bila kuinama. Taasisi kubwa na halmashauri zina mabanda ya kudumu, lakini hata hayo hukaa mwaka mzima bila mtu: popo, mchwa, nyaya zilizoliwa na panya, rangi iliyobanduka. Kuyafufua ni kazi ya wiki nzima.

Mwangalie fundi akisimamisha nguzo moja tu ya mrunda. Udongo wa kiangazi umekazana, kwa hiyo jioni ya jana yake alichimba kidogo na kumwaga maji ndani ya shimo lilale nayo. Asubuhi anachimbua hadi kina cha dhiraa, anateremsha mrunda, anamwita mwenzake aangalie kama umenyooka na uzi uliovutwa kutoka nguzo ya pembeni. Anatupia mawe, anashindilia kwa mti, anatupia tena. Kisha anafunga mti wa mshazari kwa waya, anauminya kwa plaizi hadi waya ulie. Mshazari huo ndio wenye banda huuona kama mapambo ya ziada, wakauliza kama hauwezi kuondolewa ili gharama ipungue. Upepo wa kiangazi Tabora huingia chini ya turubai na kulinyanyua kama tanga la jahazi. Bila mshazari, banda zima hulala juu ya wageni.

"Ukilipia eneo umelipia kila kitu."

Si kweli, na si Ipuli peke yake. Kwenye Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, maonesho ya kimataifa yanayosimamiwa na TanTrade, mtu anayechukua eneo la wazi amechukua ardhi. Turubai, sakafu, meza, umeme wa ndani, kushusha mzigo na kuupanga ni juu yake. Anayechukua nafasi ndani ya ukumbi hupata zaidi, ila naye asome karatasi yake vizuri: taa ngapi, soketi ngapi, viti vingapi, na nani anasafisha.

Wenzetu wa Marekani wamepigana vita kubwa juu ya jambo hili. Kwenye ukumbi wa McCormick Place, Chicago, seremala alikuwa na kazi yake, fundi umeme yake, mbebaji wa mizigo yake, kila mmoja na chama chake, na mwenye banda alilipa kila upande. Malalamiko ya gharama yalipozidi, jimbo la Illinois lilibadilisha sheria mwaka 2010 ili wenye mabanda waruhusiwe kujifanyia mengi zaidi wenyewe. Vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani, na mwaka 2011 pande zote zikakaa na kufikia makubaliano. Mtu anaweza kuwa upande wowote wa mvutano ule. Mimi ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyejifanya kazi ile haipo. Iliwekwa mezani, ikapewa bei, ikabishaniwa mchana kweupe.

Kwa kikundi cha Ulyankulu swali la kuuliza kabla ya kulipa ni fupi: tunakuta nini pale, na tunakwenda na nini? Jibu liandikwe. Kama mnakuta ardhi tupu, basi zaidi ya nusu ya gharama yenu bado hamjaiona.

"Kubomoa ni kazi ndogo, vijana wawili wanatosha."

Si kweli hata kidogo, na hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo watu wanapoumia na mali inapopotea.

Kujenga huenda kwa zamu. Kuna anayefika tarehe 25 Julai, kuna anayefika tarehe 28, kuna anayehangaika hadi usiku wa kuamkia ufunguzi. Kubomoa ni saa moja kwa wote. Hotuba ikiisha na mgeni rasmi akiondoka, mabanda yote yanataka kirikuu, fuso na wabebaji kwa wakati mmoja. Bei ya kubeba inapanda mbele ya macho yenu. Giza linaingia. Watu wamekula mara moja tangu asubuhi. Mlinzi wa kampuni anataka kufunga lango. Katika hali hiyo ndipo kijana anapanda juu ya paa akiwa na tochi ya simu mdomoni.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake, kinyume cha ule wa kujenga. Umeme ukatwe kwanza, na akate aliyeuunga. Bidhaa zihesabiwe na kufungwa kabla bati halijaguswa, kwa sababu banda likishafunguka upande mmoja kila mpita njia anakuwa mgeni wako. Kisha paa, kisha kuta, kisha mishazari, nguzo mwisho. Anayeanza na mishazari ili apate nafasi ya kutembea amejijengea mtego. Misumari ing'olewe na kuwekwa kwenye kopo, isiachwe kwenye mbao zinazotupwa chini, maana mwakani mbao hizo hizo zitabebwa na mtu mwenye kandambili. Turubai likunjwe kavu. Lenye umande likikunjwa na kuwekwa stoo Ulyankulu miezi kumi na moja, mtakuja kufungua vipande.

Historia ina ushahidi mchungu wa uzito wa kazi ya kujenga na kubomoa. Maonesho makubwa ya London ya mwaka 1851 yalifanyika ndani ya jengo la kioo na chuma, Crystal Palace, lililobuniwa na Joseph Paxton na kusimamishwa Hyde Park katika muda wa miezi michache na mamia kwa mamia ya vibarua. Dunia nzima ililisifia. Baada ya maonesho lilibomolewa, likapelekwa Sydenham, kusini mwa jiji, kujengwa upya kwa ukubwa zaidi. Ni huko, Agosti 1853, jukwaa la wajenzi lilipoporomoka na kuua wanaume 12. Jina la Paxton linajulikana hadi leo. Wale 12 huwakuti kwenye vitabu vya shule.

Kwa hiyo panga watu wa kubomoa mapema, wala wasiwe pungufu ya wale wa kujenga. Ikiwezekana kazi nzito ilale hadi asubuhi ya tarehe 9, nanyi mlipie mlinzi usiku mmoja. Usiku huo mmoja wa ulinzi ni rahisi kuliko bati tatu zilizopotea, na ni rahisi mno kuliko mguu uliovunjika.

"Kibarua wa siku chache hana mkataba, kwa hiyo hana haki."

Si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatambua mkataba wa kazi maalumu, ile inayoisha ikikamilika. Kujenga banda ni kazi ya namna hiyo kabisa. Pia kukosa karatasi peke yake hakumfutii kibarua haki zake.

Kuna jambo la kweli lililojificha ndani ya uvumi huu, tuliseme wazi. Sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, lakini inamwondoa kwenye takwa hilo kwa mtu anayemfanyia kazi chini ya siku 6 katika mwezi. Vibarua wengi wa Nanenane wanaangukia hapo. Sasa watu wamechukua msamaha huo wa karatasi wakaugeuza kuwa msamaha wa kila kitu. Saa za kazi zinabaki pale pale. Mapumziko yanabaki. Ujira unabaki. Kima cha chini cha mshahara nacho hutangazwa na serikali kwa saa na kwa siku pia, si kwa mwezi tu, kwa hiyo hata aliyefanya kazi siku moja ana kipimo chake.

Na yule wa kumwagilia vipando kwa miezi mitatu? Huyo amevuka siku 6 katika kila mwezi. Anastahili maandishi. Mwajiri akishindwa kuyaonesha shauri likifika mbele, ni mwajiri anayebebeshwa mzigo wa kuthibitisha au kukanusha walichokubaliana, wala si kibarua. Wenyeviti wengi wa vikundi wakilijua hili watanunua daftari kesho.

Wapo wanaojitetea kwamba "huyu si mfanyakazi wetu, ni fundi tu tuliyempa tenda." Wakati mwingine ni hivyo kweli: fundi mwenye vifaa vyake, watu wake na bei yake ya kazi nzima ni mkandarasi, na vijana wake ni juu yake. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huo huo 2004 haiangalii mmempa jina gani. Inauliza nani anampangia namna ya kufanya kazi, nani anampangia saa, nani anampa vifaa, na kama anawategemea ninyi kwa kipato chake. Kijana aliyepewa koleo lenu, akaambiwa afike saa moja na aondoke mtakapomwambia, akiingia kwenye kipimo hicho huchukuliwa kuwa mfanyakazi hadi mthibitishe vinginevyo.

Madai yasiyohusu kuachishwa kazi, kwa mfano ujira ambao haukulipwa, hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Fundi anayeambiwa "tutakulipa baada ya mavuno" na ahesabu siku hizo.

"Siku ya Nanenane yenyewe malipo ni yale yale."

Si kweli. Tarehe 8 Agosti ni sikukuu ya umma, na anayefanya kazi siku hiyo analipwa mara mbili kwa kila saa. Tufanye hesabu. Tuseme mmekubaliana shilingi 18,000 kwa siku ya saa 9, ambazo ndizo saa za kawaida za siku kisheria. Hiyo ni shilingi 2,000 kwa saa. Saa ya ziada siku ya kawaida hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 3,000. Saa moja ya tarehe 8 ni shilingi 4,000. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Na hata mlipe namna gani, jumla ya saa 12 kwa siku haipitwi, na baada ya saa 5 za mfululizo mtu apewe mapumziko ya dakika 60.

Nimeona watu wazima wenye heshima zao wakikasirika wakisomewa hesabu hii, kana kwamba imetungwa kuwakomoa wakulima. Haikutungwa kwa ajili hiyo. Inawaambia tu kwamba kubomoa usiku wa tarehe 8 ni saa ghali kuliko zote za wiki, na asubuhi ya tarehe 9 ni saa ya kawaida. Mwenye kikundi maskini ndiye anayehitaji kulijua hilo kuliko wote.

"Kubeba, kusimamisha na kuangusha ni kazi ya kitumwa. Ndiyo kazi ya wapagazi wa zamani."

Si kweli, na Tabora ndiyo mahali pa mwisho ambapo maneno haya yangepaswa kusikika. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, waliikuta njia ina watu, bei na taratibu zake. Watumwa walipita njia hiyo, wengi, na Tabora ilikuwa kituo cha biashara hiyo mbaya. Hilo halifichiki wala halipaswi kufichwa. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi kwa kawaida alikuwa mtu huru aliyejikodisha. Kabla ya kuinua mzigo alipatana ujira, uliolipwa kwa nguo, shanga au waya, na akapatana posho ya njiani. Mzigo nao ulikuwa na kipimo: karibu ratili 60 hadi 70, yaani kilo 27 hadi 32. Ukiongezwa bila mapatano aliuweka chini. Posho ikikatwa, msafara ulikaa. Wasafiri wa Kizungu wamejaza kurasa kwa malalamiko ya migomo na utoro wa wapagazi, na mwanahistoria Stephen Rockel, kwenye kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi hao, anawaonesha waziwazi kama wafanyakazi wa ujira waliojua thamani yao.

Na kazi yao haikuwa kutembea tu. Kila jioni walisimamisha kambi: wigo wa miiba, vibanda vya matawi na majani, mizigo ikapangwa katikati. Asubuhi kirangozi, kiongozi wa njia, akitoa ishara, kila kitu kilikuwa kimefungwa na watu wapo njiani. Walijua kujenga haraka, kubomoa haraka, na kufunga mzigo usilegee siku nzima. Nchi ya Ulyankulu ilikuwa ndani ya milki ya Mirambo, mtemi aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 na kuwatikisa wafanyabiashara wa Unyanyembe, upande wa Tabora. Wajukuu wa watu hao wamechanganyika leo Ulyankulu na watoto wa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, ambao walipewa pori wakajijengea makazi kwa mikono, na wengi wao wakapata uraia wa Tanzania mwaka 2014. Hakuna hata upande mmoja wa historia hii unaompa mtu ruhusa ya kudharau anayejenga na anayebeba.

"Wanakikundi wakijitolea, kazi ni ya bure."

Nusu kweli. Mwanakikundi anayejenga banda la kikundi chake, ambalo faida yake ataigawana, hadai mshahara kwa nafsi yake mwenyewe. Lakini ubure una gharama zake: nauli ya kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala, dawa akijikata. Na kuna hoja ambayo haisemwi mkutanoni. Wanaojitolea ni wale wale kila mwaka, na wanaoenda kusimama mbele ya mgeni rasmi wakiwa na fulana mpya ni wengine kila mwaka. Akina mama hasa ndio hupewa "kazi ndogo ndogo": kufagia, kukandika, kupanga chupa, kumwagilia, kupika kwa ajili ya mafundi. Ukizijumlisha saa zao zinazidi za fundi. Kama mnalipa yeyote, sheria inataka kazi zenye thamani sawa zilipwe sawa, awe baba au mama.

"Wanafunzi wakisaidia hakuna ubaya."

Si kweli. Mtoto chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliye kati ya 14 na 18 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Paa, ngazi, misumari na matofali si kazi nyepesi.

"Kila fundi anaweza kuunga umeme wa banda."

Si kweli. Leseni za mafundi umeme hutolewa na EWURA. Mwombeni awaoneshe. Banda la turubai, nyasi na mbao kavu mwezi Agosti linahitaji cheche moja.

"Akianguka ni bahati mbaya yake."

Si kweli. Usalama mahali pa kazi ni wajibu wa mwajiri chini ya sheria ya mwaka 2003 inayosimamiwa na OSHA, na sheria ya fidia ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa ajili ya wanaoumia kazini. Mwajiri ambaye hakujisajili hajaukwepa wajibu huo, amejiondolea kinga tu. Kofia ngumu mbili, glavu, ngazi iliyo nzima na mtu mmoja wa kuishika chini havizidi bei ya fulana za kamati.

"Ni nafuu kwenda na mafundi wetu kutoka Ulyankulu kuliko kutafuta wa Tabora mjini."

Inategemea, na hapa ndipo akili ya kikundi huonekana. Fundi wa nyumbani anajua bani lenu, anajua mizinga yenu, hamhitaji kumweleza kitu mara mbili. Lakini mnamlisha, mnamlaza, mnamsafirisha. Wa Ipuli analala kwake, anajua mrunda mzuri unauzwa wapi, anajua kirikuu ya nani haiharibiki njiani. Kwa maoni yangu mchanganyiko ndio bora: fundi mkuu mmoja kutoka nyumbani, na saidia fundi wa palepale.

Mkimchukua mtu kutoka Ulyankulu, kumrudisha ni juu yenu. Sheria inamtaka mwajiri aliyemtoa mtu mahali amsafirishe kurudi alikomchukua kazi ikiisha, pamoja na mizigo yake, au amlipe nauli, na amlipie gharama za kujikimu kwa siku anazosubiri usafiri. Tarehe 9 na 10 Agosti ukipita stendi ya Tabora utakuta mafundi wamekaa juu ya mifuko yao ya vifaa wakipiga simu zisizopokelewa. Hao wana dai halali.

Mazungumzo yenyewe huwa hivi. Mwenyekiti anasema, "Fundi, ni kibanda kidogo tu, tusaidiane, sisi wakulima." Fundi anajibu, "Sawa mwenyekiti, ila tuandikiane. Kujenga bei yake, kubomoa bei yake, chakula nani, nauli nani." Mwenyekiti anacheka, anasema mambo ya kuandikiana ni ya wasioaminiana. Si kweli, mwenyekiti. Wapagazi na wenye misafara walipatana kila kitu kabla ya kuinua mzigo, na waliaminiana vya kutosha kutembea pamoja miezi mitatu.

Ombi langu kwa kamati za Ulyankulu zinazojiandaa kwenda Ipuli ni hili. Mkikaa kupanga bajeti mwezi Aprili, mstari wa kwanza uwe wa anayemwagilia vipando, wa pili wa kujenga, wa tatu wa kubomoa, kila mmoja na jina la mtu, idadi ya siku na kiasi. Fedha za kubomoa atoke nazo mweka hazina Ulyankulu zikiwa zimefungwa peke yake, zisiguswe kwa soda wala kwa vibandiko, na zilipwe palepale kiwanjani, mkononi mwa kila aliyefanya kazi, kabla fuso halijawashwa.